Diski ya Chiriku

Diski iliganda tena palepale, mwenye nyumba kwenye filamu akiwa ameachama mdomo na kidole kakinyanyua juu, na Fundi akapiga magoti mbele ya deki kama mtu anayeomba radhi.

"Usiipige, baba," binti yake alisema kutoka jikoni. "Ukiipiga ndiyo inazidi."

"Siipigi. Naigusa tu."

"Unaigusa kwa kofi?"

Kweli alikuwa ameigusa kwa kofi. Akaitoa diski, akaipumulia, akaipangusa kwa kitambaa cha pamba kuanzia katikati kwenda nje, akairudisha. Deki ikanguruma, ikasita, ikaendelea. Safari hii mwenye nyumba alimaliza kuwafokea wapangaji wake, mlango wa jirani ukafunguka, na mwanamke mwenye utepe wa kupimia shingoni akatoa kichwa. "Jamani, kuna watu wamelala humu!" Mwenye nyumba akatunisha kifua ili amjibu, kifungo cha koti lake kikachomoka kikaruka, na yule mwanamke akaangua kicheko. Alicheka hasa, mabega yanatikisika, macho kayatupa pembeni. Kisha picha ikahamia kwingine na Fundi akazima. Sehemu iliyobaki ya filamu hakuwa na haja nayo.

Mwanamke huyo alikuwa mkewe. Mtaa mzima walimwita Chiriku, kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haupumziki tangu anaamka hadi analala. Yeye na Fundi walikwenda kushona mavazi ya waigizaji wa filamu hiyo, mwigizaji mmoja asitokee, na mwenye filamu akamwambia, "Wewe una mdomo, hebu simama hapo mlangoni." Basi, ndiyo hiyo tu. Hakuigiza tena. Sasa alikuwa kaburini, na sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja, kwenye hiyo diski yenye mikwaruzo inayozidi kila inapochezwa. Picha za ukutani zilikuwepo, tena nzuri, lakini picha haicheki.

Fundi alikuwa anaishi kwa binti yake tangu msiba. Cherehani lake liliwekwa sebuleni chini ya dirisha, na yeye mwenyewe alilala kwenye kochi refu, na ilibidi akunje shuka lake na kulificha kabla mkwe wake hajapata mgeni. Televisheni ilikuwa ya mkwe, deki ya mkwe, umeme wa mkwe. Hakuna aliyemnyima, nisiwasingizie watu. Ila alikuwa anasubiri mkwe aende kazini ndipo aitoe diski kwenye bweta la vifungo, na hilo peke yake linatosha kukueleza.

*

Fundi wa redio aliyekuwa na kibanda mkabala na kinyozi aliigeuza diski kwenye mwanga, akaguna.

"Mzee wangu, hii imechoka. Utaicheza mara chache tu."

"Ndiyo maana nimekuja. Nitolee nyingine kama hii."

"Haikopiki hii. Mwenyewe kaitia kufuli. Kompyuta inaisoma vizuri, ila ukiiambia ikopi, inakataa."

"Kufuli si lina ufunguo wake?"

"Ufunguo upo, mzee. Ila mimi siushiki tena. Walinifungia kibanda hiki kwa sababu ya kukopi kazi za watu. Nilikula jeuri yangu, na watoto wangu wakaila pamoja nami."

"Lakini mimi siuzi. Nataka moja, ya nyumbani."

"Kila aliyesimama hapo ulipo alitaka moja, ya nyumbani." Alisema hivyo bila ubaya, huku anaifunga diski kwenye kile kipande cha bitana ilichokuja nacho. Akamwonea huruma. "Sikiliza. Kuna jukwaa kwenye simu, la mafundi na wapenzi wa filamu za zamani. Humo kuna watu wanajua mpaka usichotaka kujua. Waulize. Huenda mmoja anamjua hata mwenye filamu."

Fundi alishukuru, akaenda zake na roho nyepesi. Kuuliza watu lilikuwa jambo analoliweza.

*

Binti yake ndiye aliyemwandikia, kwa simu ya pale nyumbani. Simu hiyo ilikuwa ya zamani ya mkwe, laini imeandikishwa kwa jina la mkwe, na picha inayoonekana kwa watu ilikuwa ya mkwe akiwa kazini, kofia ya ulinzi kichwani na nembo ya kampuni kifuani. Hakuna aliyeliwaza hilo. Waliwaza bando tu, maana mkwe alikuwa na tabia ya kuuliza limekwenda wapi.

"Andika," Fundi alisema, kakaa wima kama anapigwa picha. "Wakubwa shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo."

"Baba, huko hawasalimiani hivyo. Wanauliza tu."

"Utaingiaje kwenye nyumba ya watu bila hodi? Andika."

Binti akaandika. Ikawa barua. Fundi alieleza kwamba yeye ni mshonaji, ni mjane, ametumwa na fundi wa redio aliye mkabala na kinyozi, chini ya tangi la maji, na anawashukuru kwa kumpokea. Alitaja filamu kwa jina, akataja mwenye filamu kwa jina. Akaeleza kwamba marehemu mkewe ni yule jirani mwenye utepe shingoni, na diski inakufa. Mwisho akafika kwenye shida yenyewe: diski ina kufuli, anaomba afundishwe namna ya kulifungua ili anakili moja, ya nyumbani. Kwake yeye adabu ilikuwa hiyo, kusema kila kitu wazi ili mwenzako asije akadhani unamficha. Kwenye jukwaa lile adabu ilikuwa kinyume chake kabisa. Mambo ya kufungua kufuli za diski hayakutajwa hadharani. Wengi wao waliyajua, na wengine, nina hakika, waliyafanya, lakini kuyataja mbele za watu ndiyo ilikuwa dhambi.

Majibu yalianza kabla chai haijapoa. Binti alikuwa anamsomea.

"'Mzee, hapa si mahali pa wizi. Soma kanuni kwanza.'"

"Wizi gani?"

"Subiri, baba. Mwingine anasema, 'Mwacheni, diski ni yake, kainunua.' Mwingine anamjibu, 'Kanunua diski, hakununua filamu.' Huyu anasema kukopi kwa matumizi ya nyumbani hakuna kosa. Huyu anasema kosa ni kuvunja kufuli, hata kama ni nyumbani kwako. Huyu anasema hata wote wawili hawajui sheria. Sasa wanagombana wenyewe kwa wenyewe."

"Wamesema lolote kuhusu mama yako?"

Binti akapitisha kidole, akatafuta. "Bado."

Kukatokea mmoja aliyejiita Wakili Mkuu, ambaye sidhani kama hata mlango wa mahakama aliujua ulipo. Aliandika kwa herufi kubwa kwamba kuuliza kwenyewe ni kosa, kwamba kila laini imeandikishwa kwa jina la mtu, na mtu huyo anajulikana anapolala. Mwingine akaongeza, "Tazameni picha yake. Mlinzi anatafuta funguo za wizi! Kampuni yake inajua?" Watu wakacheka, vile vinyago vya kucheka mpaka machozi vikajipanga mstari mzima. Binti hakuvisoma hivyo. Aliruka.

"Mbona umenyamaza?"

"Mtandao unasumbua."

Kisha barua ikafutwa, na chini yake yakaja maneno kwamba msimamizi amewaondoa. Binti alijaribu kufungua tena, ikakataa. Akaweka simu mezani taratibu.

"Wametutoa, baba."

Fundi alifuta miwani ambayo haikuwa chafu. "Hata salamu hawakuitikia," alisema.

*

Mkwe alirudi jioni hiyo bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya baba mkwe wake. Hakukaa. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Baba, mimi nakuheshimu. Unajua nakuheshimu?"

"Najua."

"Basi niambie. Leo mkuu wa zamu kaniita mbele ya wenzangu, kanionyesha picha yangu kwenye simu yake. Picha yangu, na sare yangu. Chini pameandikwa natafuta namna ya kuvunja kufuli niibe filamu. Duka ninalolilinda linauza filamu kama hizo, baba! Rafu nzima ipo mlangoni, ninasimama nayo ubavuni kutwa. Wenzangu wameniita Funguo. Mchana kutwa, Funguo, Funguo."

Binti alitoka jikoni mikono imelowa. "Ni mimi niliyeandika."

"Kwa simu ya nani?"

Fundi alisimama. Alikuwa mrefu kuliko mkwe wake, lakini siku hiyo hakuonekana hivyo.

"Kosa ni langu," alisema. "Nitakwenda mwenyewe kwa huyo mkuu wako nikamweleze."

"Usiende! Ukienda ndiyo utamwaga unga wangu wote. Kaniambia kesho nikajieleze, na nieleze kama nyumbani kwangu kuna mitambo ya kukopi." Aliangalia deki, kisha cherehani, kana kwamba hata hilo lingeweza kushukiwa. Kisha akaichukua ile simu, akatoa laini kwa ukucha, akaitumbukiza mfukoni. "Hii haiwashwi tena."

Nyumba ile ilikuwa na kuta nyembamba, na wenyewe walijua, lakini mtu akiwa na hofu hakumbuki ukuta. Fundi akiwa kwenye kochi aliwasikia chumbani.

"Ni mama yangu," binti alikuwa anasema. "Unataka tufanye nini? Ni sauti ya mama yangu."

"Namjua mama yako. Alinipenda kuliko mama yangu mzazi. Lakini nakalia kuti kavu pale, tayari wameshapunguza watu. Nikifukuzwa, watoto watakula kicheko?"

Kisha akasikika mkwe akiomba msamaha kwa sauti ya chini, na binti akilia, na mkwe akimbembeleza. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi kuisimulia.

*

Asubuhi Fundi aliwahi kuamka, akakunja shuka, akasubiri watoto watoke kwenda shule. Mkwe alikuwa anaoga. Akaitoa diski kwenye bweta la vifungo, akaiweka kwenye deki, akapunguza sauti hadi karibu na mwisho.

Alitaka mara moja tu. Deki ikanguruma. Mwenye nyumba akaanza kufoka, akanyanyua kidole, akaachama mdomo, na hapo diski ikaganda. Fundi akaitoa, akaipumulia, akaipangusa kutoka katikati kwenda nje. Ikaganda. Akarudia. Aliongea nayo chini chini, akaiita kwa jina ambalo alikuwa akimwita mkewe wakiwa wawili tu, na mimi sitalitaja. Mlango ule wa jirani haukufunguka. Maji yakaacha kumwagika bafuni.

Akaichukua diski, akaenda kwenye cherehani, akachukua mkasi.

Kama hujaishi na mshonaji huwezi kujua hilo lilikuwa na maana gani. Mkasi wa Fundi ulikata kitambaa tu. Haukukata karatasi, haukukata kamba, haukukata hata uzi wa kifungo cha shati lisilo la mteja. Binti yake akiwa mdogo aliwahi kukatia nao ganda la daftari, na ndiyo siku pekee baba yake aliyomnyanyulia mkono. Chiriku mwenyewe aliuogopa mkasi ule. Akitaka kukata kitu aliomba kwanza, kisha akamkejeli mumewe wiki nzima kwamba ana wake wawili.

Diski ni ngumu kuliko inavyoonekana. Fundi alikaza kwa mikono miwili, mkasi ukalia, kisha pakasikika mlio mkavu. Akakata tena. Vipande vikaanguka kwenye chaki na mabaki ya vitambaa. Binti alitokea mlangoni akasimama, kashika mdomo.

"Baba! Baba, umefanya nini?"

Fundi aliviokota vipande kimoja kimoja, akavifunga kwenye kile kipande cha bitana, akamngoja mkwe atoke. Mkwe akatoka, sare imenyooshwa, shingo bado ina maji.

"Mpelekee mkuu wako. Mwambie nyumbani kwako hakuna cha kukopi."

Mkwe alikifungua kitambaa, akaona. Alimtazama mkewe, akatazama chini.

"Sikusema uivunje, baba. Wallahi sikusema."

"Hukusema," Fundi alikubali. "Nenda, utachelewa."

Kazini mkuu wa zamu alikuwa na mzigo wa bidhaa mpya mlangoni, na alipofunguliwa kile kitambaa mbele yake alikunja uso. "Takataka gani hizi unaniletea?" Mkwe akamkumbusha. "Aa, yale mambo ya jana? Hebu andika mistari miwili kwamba ulikosea, urudi kwenye lango lako. Na uondoe hivi vitu mezani." Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yote. Mkwe aliandika mistari yake miwili, akarudisha vipande mfukoni, na siku ile walipomwita Funguo hakukasirika.

*

Juma moja baadaye fundi wa redio alikuja na mgeni, mzee mnene mwenye suti iliyombana kwapani na pumzi za mtu aliyetembea kutwa. Fundi alikuwa anapinda suruali. Binti aliwakaribisha, akawaletea viti.

"Nimekutafuta mpaka nimechoka, ndugu yangu," mgeni alisema. "Mimi ndiye mwenye ile filamu."

Fundi aliinuka, uso umembadilika. "Mheshimiwa, sikukopi. Naapa. Niliuliza tu."

"Kaa, kaa. Sikuja kwa hilo." Mgeni alifuta jasho. "Nililetewa barua yako na watu wa jukwaani. Nikaandika palepale, mbele yao wote, kwamba kazi ni yangu, na huyu bwana nimemruhusu, akopi hata mia akitaka. Nikaambiwa umeshaondolewa. Nikaomba namba. Napiga, haipatikani. Napiga, haipatikani. Bahati yangu uliandika kama mtu wa zamani, ukataja fundi wa redio, na kinyozi, na tangi la maji. Nimezunguka matangi ya mji huu mimi!"

Alicheka peke yake. Mkwe alikuwa ametoka chumbani, yupo likizo ya siku ile, akasimama kwenye pazia.

"Na kusema ukweli," mgeni aliendelea, "nimekuja na shida pia. Ofisi yangu iliingia maji, kanda mama zote, zile tulizorekodia, zikaharibika. Filamu ile sina. Nimewauliza wauzaji, nimewauliza waigizaji, hakuna mwenye hata moja. Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayesikia kwamba anayo. Nimemkuta kijana mwenye mashine nzuri, anasema hata diski yenye mikwaruzo ataikokota mpaka isomeke. Nikope siku moja tu. Nakuandikia karatasi, na ya kwako nakutolea mbili, bure."

Fundi wa redio alianza kuelewa kabla ya mgeni, akatazama sakafu. Mkwe ndiye aliyesogea. Akatoa kile kipande cha bitana mfukoni mwa sare iliyotundikwa ukutani, akakifungua kwenye meza, na akarudi nyuma bila kumtazama mtu. Tangu siku ile hakuwa ameweza kuvitupa.

Mgeni aliviangalia vipande muda mrefu. "Nani?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Mbona ulifanya haraka hivyo, ndugu yangu? Mbona?"

Binti alikaa chini alipokuwa amesimama, palepale sakafuni, akafunika uso kwa khanga. Fundi hakulia. Aliuliza kitu ambacho hakuna aliyekitarajia.

"Wewe ulikuwepo. Unamkumbuka alivyocheka?"

Mgeni alijitahidi, na kwa hilo namshukuru. Alikunja uso, akatafuta. "Yule mwenye utepe... Nakumbuka nilitaka kukikata kile kicheko. Hakikuwemo kwenye maandishi, na aliangalia nje ya kamera, lilikuwa kosa. Basi tu, tulikuwa tumechoka, nikakiacha. Lakini sauti yenyewe..." Akatikisa kichwa. "Hapana. Nisikudanganye."

"Kile kifungo nilikishona mimi," Fundi alisema. "Aliniambia uzi hautoshi, nikamwambia ashone vyake. Nilikuwa nimesimama hapo pembeni ya kamera na pini mdomoni. Kilipochomoka, aliniangalia mimi."

Mgeni aliaga baada ya muda, akamshika mkono kwa mikono miwili, akasahau chai yake. Mkwe alimsindikiza mpaka barabarani, na aliporudi aliirudisha ile laini kwenye simu, akaiweka juu ya cherehani. Fundi akamshukuru. Hakuwa na mtu wa kumpigia.

Kazi aliendelea nayo, maana nguo za watu hazisubiri. Ila mkasi uliingia pengo siku ile ulipokata diski, dogo tu, karibu na ncha. Kila kitambaa anachokata sasa kinakwama mahali hapo na kuvuta uzi mmoja, na wateja wameanza kulalamika. Mnoaji amepita mara kadhaa akaomba auondoe ule ubovu, kazi ya dakika chache. Fundi anamwambia apite siku nyingine.